Afya ya mkulima si kutokuwa na homa tu

Muulize mkulima wa Ngara au Biharamulo kama ni mzima, atajibu kwamba hajambo, maana hana homa na jembe analishika. Hata sisi hujibu hivyo. Lakini katiba ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoanza kutumika Aprili 7, 1948, inasema afya ni hali ya mtu kuwa mzima kabisa kimwili, kiakili na kijamii, na siyo kutokuwa na ugonjwa au udhaifu tu.

Maneno hayo yanaweza kuonekana ni ya wasomi wa mjini. Tukio la Biharamulo la mwaka 2025 linaonyesha kuwa yanamhusu mkulima na mfanyabiashara mdogo kuliko mtu mwingine yeyote.

Januari 20 mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa mtu mmoja wilayani humo amethibitika kuwa na virusi vya Marburg. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, Machi 13, walihesabiwa wagonjwa 10 na wote walifariki. Wawili walithibitishwa kwa vipimo, na wanane walihesabiwa kutokana na dalili zao na mazingira ya vifo vyao.

Hao ndio walioingia katika hesabu. Tunataka kuwazungumzia wasioingia.

Marburg huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa, au mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa huo. Aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa kiasi hicho. Utaratibu huo ni sahihi na hatuupingi hata kidogo. Lakini hebu mfikirie mama anayeuza ndizi na maharage, ambaye kosa lake ni kumwuguza ndugu yake. Mwili wake ni mzima. Hata hivyo, kwa wiki tatu haendi gulioni, hasafiri, wala hapangi foleni ya kumshika mkono mfiwa. Ndugu yake akifa, hataruhusiwa kumwosha. Usiku hapati usingizi, kila joto la mwili analidhania ndilo lenyewe. Marejesho ya VICOBA hayasubiri. Na siku ya 22 ikifika, wateja wamekwisha kuhamia meza ya jirani.

Kipimo kitasema hana ugonjwa. Je, mama huyo ana afya?

Mkoa wa Kagera ungepaswa kulijua jambo hili kuliko mikoa mingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humo mwaka 1983, na watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiingizwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Jina la biashara likawa jina la ugonjwa, na aliyeuza nguo akatazamwa kwa jicho baya. Watu wakaficha, na kuficha kukaongeza makaburi.

Ndiyo maana tunasema suala hili si la huruma tu. Mtu anayejua kwamba kutajwa kwake kutamwondolea mtaji atakimbilia kwa ndugu kijiji cha pili kabla mhudumu wa afya hajafika, na virusi vitakwenda naye. Wilaya hizi zina barabara kuu ya malori yaendayo Rusumo na njia panda ya Nyakanazi. Mtu akipanda gari asubuhi, jioni yuko mbali.

Halmashauri zinapopanga bajeti za kukabili milipuko, basi zitenge pia fungu la chakula na sabuni kwa kaya zinazofuatiliwa, na mtu wa kukaa nao na kuzungumza nao. Mtendaji wa kijiji atangaze gulioni, kwa sauti, kwamba fulani amemaliza siku zake na hana tatizo, iwapo mwenyewe ameridhia kutajwa.

Mengine hayahitaji serikali. Vikundi vingi vya VICOBA vina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Tunashauri katika mkutano ujao wanachama waongeze kifungu kimoja katika katiba zao: mwanachama aliyewekwa chini ya uangalizi wa afya asitozwe faini, na marejesho yake yasogezwe mbele kwa siku zilezile 21.