MATHARI IPI?

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Nami naongeza, mpenzi msomaji, kwamba yako maradhi yanayofichwa hata baada ya mwenyewe kuzikwa, na hapo anayeumbuka si marehemu tena bali ni sisi tuliobaki. Haya siyasemi kwa kusikia. Yametokea nyumbani kwetu.

Baba mzazi wa nyanya yangu, ambaye sisi humwita Susu, alitoka kwetu Machakos kwenda kutafuta pesa za kodi. Hakurudi. Mwaka wa 1946, Susu akiwa mtoto wa miaka sita hivi, alifika mwanamume mmoja waliyekuwa wakifanya kazi pamoja na marehemu. Alileta blanketi na kikopo cha bati chenye kipande. Akasema, "Amefia Mathari." Akanywa uji, akaenda zake. Hakuulizwa swali hata moja!

Kwa nini hakuulizwa? Kwa sababu kila aliyesikia jina hilo alidhani amejua yote. Mathari ya Nairobi ilikuwa na sifa zake. Ilifunguliwa mwaka wa 1910 ikiwa makao ya wale walioitwa vichaa, na mwaka wa 1924 ikapewa jina la Mathari. Wagonjwa walitengwa kwa rangi zao. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia tangu 1938 hadi 1950, alikabidhiwa kazi hiyo kabla ya kusomea magonjwa ya akili. Halafu mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake ambamo alifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Ikiwa mkubwa wa hospitali aliwaza hivyo juu ya watu wazima wenye afya, mgonjwa mwenyewe alionekanaje?

Basi kijijini ikasemwa kwamba mzee alifia kwa wendawazimu. Nyumbani ikapitishwa sheria isiyoandikwa: jina lake lisitajwe. Ukiuliza unaambiwa, "Alipotelea kazini." Dada mkubwa wa Susu alipochumbiwa, wazee wa upande wa pili walikuja kuchunguza ukoo, na posa ikavunjika. Ati kuna kichaa katika damu hiyo.

Mngedhani mambo hayo yaliisha zamani. La hasha! Miaka michache iliyopita mjomba wangu alianza kukosa usingizi, akawa anasikia sauti na kuzungumza peke yake usiku. (Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike haya.) Badala ya kumpeleka hospitali, watu wazima walikaa kikao na kuamua kwamba hapelekwi, kwani watu watasema yale ya babu yake yamerudi. Alizungushwa kwa waganga karibu mwaka mzima, mbuzi wakauzwa, naye akazidi kudhoofika. Siku hizi anatumia dawa za hospitali, analima na kucheka kama zamani. Mwaka huo alioupoteza ni nani atakayemrudishia?

Sasa sikizeni kilichotokea. Mwaka jana tulisoma habari za kipande katika somo la Historia. Tukafundishwa jinsi kuanzia 1920 Mwafrika wa kiume alivyolazimishwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake, siku ya kuandikwa kazi na siku ya kuachishwa. Nikakumbuka kile kikopo. Likizo ilipofika nilimwomba Susu anionyeshe. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kukitoa ndani ya sanduku, chini ya leso zake. Karatasi ilikuwa imechakaa na kubadilika rangi, lakini mwajiri wa mwisho alisomeka: mwenye shamba la kahawa, wilaya ya Nyeri. Nafasi ya siku ya kuachishwa kazi ilikuwa tupu.

Nyeri? Si tuliambiwa Mathari? Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wangu mmoja ambaye ni mzaliwa wa huko. Akacheka, akasema, "Wewe! Hata kwetu Nyeri tuna Mathari. Ndiko iliko misheni ya Wakatoliki wa Consolata, na hospitali yao." Nilihisi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Kumbe miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza swali la maneno mawili tu: Mathari ipi?

Nilipiga simu nyumbani. Jamani, furaha iliyolipuka! Mama alipiga vigelegele. Shangazi mmoja akasema, "Kumbe baba yetu hakuwa mwendawazimu! Alikuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine." Nikaambiwa niwatangazie binamu zangu wote. Tena kumbuka kwamba hatujathibitisha lolote. Kipande kinasema alifanya kazi Nyeri, hakisemi alifia wapi. Mtu aliyeugua Nyeri angeweza kupelekwa Nairobi. Lakini sherehe ilikwisha anza.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na watu wangu, kwa heshima zote. Furaha ile iliniumiza. Tuseme kesho tupate karatasi inayoonyesha kwamba ni ile Mathari ya Nairobi. Je, tutamfukia tena? Hatakuwa tena yule aliyekwenda kutafuta kodi ili nyumba ya watoto wake isichukuliwe? Na mjomba aliyekuwa ameketi sebuleni akisikia wakishangilia kwamba ukoo "umesafika," yeye tumemweka wapi? Maleria haimwondolei mtu ubaba wake. Ugonjwa wa akili nao vivyo hivyo. Kwa maoni yangu, kilichotupotezea mzee huyu ni aibu yetu, kwa kuwa aibu ndiyo iliyotuzuia kuuliza wakati waliojua walikuwa hai. Yule mwanamume wa blanketi angeweza kutuambia yote kabla uji haujapoa.

Wengine watanijibu kwamba hata wangeuliza, wakoloni hawakuwaandika watu wetu. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa mwaka wa 1928, lakini Waafrika hawakulazimishwa kuandikishwa. Ulazima huo ulianzia Nairobi na Nyeri mwaka wa 1963, ukafika nchi nzima mwaka wa 1971. Kwa hiyo aliyekufa 1946 huenda hana cheti popote. Majina nayo ni tatizo jingine. Mzungu aliyesikia jina kama Musyoka aliliandika alivyoweza, na misheni mgonjwa mahututi aliweza kubatizwa na kuandikwa kwa jina jipya ambalo mkewe hakuwahi kulisikia. Hospitali pia zimebadilishwa majina. Bibi kizee akikuambia mtu alifia "Kingi Joji," usitafute kibao chenye jina hilo, maana hiyo ndiyo Hospitali Kuu ya Kenyatta ya leo.

Hata hivyo, ugumu wa kutafuta si sababu ya kutotafuta. Viko vitabu vya ubatizo na mazishi katika misheni za zamani. Yako mafaili ya wilaya katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, ambapo raia yeyote anaweza kuomba kusoma. Na majumbani mna masanduku. Ajabu ni kwamba kipande, karatasi iliyowafanya wazee wetu wavae kikopo shingoni kama mbuzi wa kengele, ndiyo pekee iliyozungumza watu walipokaa kimya.

Kwa hivyo, wenzangu, ninawaomba jambo moja likizo hii. Kaa na mzee wa kwenu ukiwa na kalamu na daftari. Usiulize tu, "Alikufa lini?" Uliza alikuwa akifanya kazi kwa nani, alikuwa na majina mangapi, ni nani aliyeleta habari za kifo chake, na alisema maneno gani hasa. Akitaja mahali, uliza ni mahali papi. Akinyamaza, usimlazimishe, lakini urudi siku nyingine. Na ukigundua kwamba marehemu alilazwa kwa ugonjwa wa akili, liandike jina lake kwa wino ule ule ulioandikia wengine.

Nanyi walimu wetu, nawaomba mtusaidie kuzungumza juu ya ugonjwa huu darasani bila kucheka. Wako wanafunzi hapa shuleni wanaosikia neno "Mathari" likirushwa bwenini kama tusi, nao wanainamisha vichwa kwa sababu kuna mtu nyumbani. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tena kuna siku nilicheka pamoja na waliokuwa wakicheka, ili nisijulikane.

Siku ile ya vigelegele, mtu mmoja tu hakushangilia. Susu alingoja kelele zitulie, kisha akaomba simu na kuniuliza, "Mjukuu wangu, na kaburi lake liko wapi?" Sikuwa na jibu. Agosti, Mungu akipenda, nitakwenda naye Nyeri kuuliza vitabu vya mazishi. Tukimkosa huko, tutashuka Nairobi tuulize tena. Mjomba amesema atatusindikiza.