Marejeo ya Msafiri: Majuma ya Mwisho Yasiyosimuliwa

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii hutolewa darasani kama onyo kwa mtu anayekisahau kwao, kisha mwalimu akaendelea na nyingine. Ni nadra mwanafunzi kuuliza yanayomsibu mwendaji huyo akiwa tayari ameigeuzia omo kisogo lakini bado hajakanyaga ngama. Swali hilo lina uzito kwa kila anayejishughulisha na fasihi ya safari, kwa maana maandishi mengi ya safari katika Kiswahili yana kasoro moja kubwa. Yanajua kuondoka; kurudi hayajui.

Mzizi wa kasoro hii ni insha ya shule. Kwa miaka mingi, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtahiniwa alifunzwa kuianza safari kwa mbwembwe. Majogoo yanawika, jua linachomoza, moyo unamdunda, nguo zimepigwa pasi tangu jana yake, dereva anapiga honi. Aya tatu nzima huisha kabla ya gari kuondoka. Kurudi hupewa sentensi moja tu: walirejea salama salimini, wakiwa hoi bin taabani lakini wenye furaha riboribo. Mtahini akatoa alama zake, na mtoto akajifunza kwamba safari huishia pale ulipo uzuri wa kutazamwa.

Kwa safari ya siku moja hadi Fort Jesus, yamkini sentensi hiyo inatosha. Haitoshi hata kidogo kwa msafiri wa shanta, yaani yule anayelitia kila alicho nacho katika mfuko mmoja wa mgongoni na kutembea miezi sita, au hata mwaka mzima, kwa mabasi, garimoshi na lifti za malori. Vijana wa namna hii hutoka hasa Ulaya, Australia na Israeli, ambako kusafiri hivyo baada ya utumishi wa jeshi ni jambo la kawaida. Njia yao mojawapo huanzia Cape Town, ikapanda kupitia Zambia, Malawi na Tanzania hadi Nairobi. Kwa hivyo Zanzibar na Lamu huwapokea wengi wao wakiwa ukingoni mwa safari, na mwenyeji mwenye jicho pevu hukosa shida kuwatambua. Mgeni wa juma la kwanza huuliza jina la kila tunda. Mgeni wa juma la mwisho hununua embe bila ya kuuliza, akalila akiwa ameitazama bahari.

Majuma hayo ya mwisho yana mambo yake. Fedha huacha kuhesabiwa kwa noti zikahesabiwa kwa siku: hizi za kitanda, hizi za chakula, hizi za gari la uwanja wa ndege zisiguswe. Viatu vilivyotoboka soli havishonwi tena kwa kuwa vitatupwa. Zawadi zilizodharauliwa miezi minane kwa sababu ya uzito wake sasa zinatafutwa kwa pupa. Salamu za lugha mpya hazijifunzwi kwa bidii ile ya awali; kuna faida gani, na mtu anaondoka Alhamisi? Fauka ya hayo, ulimi huanza kufanya mazoezi. Msafiri hukisimulia kisa cha basi lililokwama matopeni kwa wageni wenzake, akakirudia usiku wa pili kikiwa kifupi na cha kuchekesha zaidi, na kufikia usiku wa tano hofu aliyokuwa nayo matopeni imekwisha kutolewa. Kisa kitakachofika nyumbani hutungwa hapa, si njiani. Mhakiki asiyeyachunguza majuma haya anauhakiki ushairi bila ya kujali namna ulivyotungwa.

Hata mwisho ulio maarufu kuliko yote katika aina hii ya safari umekwisha kusagwa na masimulizi. Mwaka 1972, Tony na Maureen Wheeler walitoka London, wakavuka Ulaya na Asia hadi Australia, wakaingia Sydney mwishoni mwa mwaka huo wakiwa na senti 27. Mwaka uliofuata walitoa kitabu chembamba cha kuwaelekeza wengine, na kampuni ya Lonely Planet ikazaliwa. Senti hizo zimesimuliwa mara nyingi mno hadi zimekuwa kama nembo. Ila zilipokuwa bado mfukoni, kabla hazijawa mwanzo wa kampuni, zilikuwa umaskini wa watu wawili katika mji wasioujua. Wala hawakurudi kuishi London kama walivyokusudia.

Wapo watakaopinga kwamba siku za mwisho ni za uchovu mtupu, hazina tukio, na msomaji hapaswi kubebeshwa uchovu wa mwingine. Hoja hii ina nguvu kidogo. Inaishiwa nguvu kabisa inapokutanishwa na msafiri mkubwa kuliko wote waliopata kuyakanyaga mabara haya kwa zama zake.

Ibn Battuta aliondoka Tangier mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21. Mombasa na Kilwa alizifikia mwaka 1331, na kwa ajili hiyo hakuna kozi ya historia ya pwani isiyomtaja. Wanafunzi humjua akiwa anakwenda. Wachache humfuata akirudi. Mwaka 1348 alifika Dameski, akapata habari kwamba babake alifariki miaka 15 iliyotangulia. Mwanawe aliyezaliwa mjini humo baada ya yeye kuondoka, ambaye hakuwahi kumtia machoni, naye alikuwa amekufa. Tauni ilikuwa ikiifyeka miji ya Shamu na Misri. Akapita katikati yake, akahiji tena, akaelekea Maghribi. Mwishoni mwa mwaka 1349, akiwa Taza, karibu kabisa na Fez, aliambiwa kuwa mamake amechukuliwa na tauni hiyo hiyo. Baada ya miaka 24 ya kutembea, alikwenda Tangier kuzuru kaburi. Kitabu chake, alichomsimulia Ibn Juzayy kwa amri ya sultani wa Maroko na kikakamilika mwaka 1355, kinaeleza kwa utuvu vyakula vya watu wa Mogadishu. Kifo cha mama kinapita kwa maneno machache mno. Nani atasema kwamba hapakuwa na tukio?

Ajabu ni kwamba lugha ya Kiswahili yenyewe imekwisha kulitambua jambo hili. Kitenzi rudi kina mengi tumboni. Mtu hurudi kwao. Mzazi humrudi mtoto aliyekosa. Nguo mpya ikifuliwa hurudi, ikambana mwenyewe. Msafiri wa muda mrefu hukutana na maana zote tatu mlangoni kwao: anarejea, anaadhibiwa kidogo kwa kutokuwapo, na maisha aliyoyaacha yanambana mabega. Shaaban Robert alilijua hilo vyema. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, wajumbe sita wanatumwa pande sita, na kila anayerudi na jambo la kuifaa nchi hutiwa gerezani. Vitimbi vya njiani ni vingi, lakini adhabu inangoja nyumbani. Riwaya hiyo imefundishwa sana kama istiari ya utawala dhalimu, na ni haki. Inastahili pia kusomwa kama kitabu kuhusu kurudi.

Wala si kweli kwamba fasihi ya safari ni nguo ya kuazima kwa Waswahili. Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na maelezo yake kwa Kiswahili yakachapishwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten. Tanzu ina wazee wake. Iliyokosa ni vijana.

Na vijana wa kuiandika wapo, tena katika idara hizi hizi za Kiswahili. Kila mwaka baadhi yao huenda Marekani kusaidia kufundisha lugha hii vyuoni kwa mwaka mmoja wa masomo. Wakirudi huombwa waseme na wenzao, nao huanza na theluji ya kwanza na kuishia na picha za mahafali. Majuma ya mwisho hawayataji: sanduku lililopimwa mara nne kwa mizani ya bafuni, orodha ya jamaa iliyo ndefu kuliko fedha, usiku aliokaa akifikiri kama arudi au asirudi, simu ya mama anayetaka kujua ndege itatua saa ngapi ili kuku achinjwe. Kuku huyo ameandikwa mara nyingi. Usiku ule bado.