Mhusika Haishi Nje ya Sarufi

Wakati wa likizo iliyopita, nyumbani Mautuma katika kaunti ya Kakamega, nilimwomba kijana wa kidato cha tatu anieleze Mwalimu Majisifu wa Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 2012. Alijibu bila kusita: "Mlevi, mwenye majivuno, mwizi wa kazi ya mwenzake." Nilipomwuliza ameyajuaje hayo, alitaja mwongozo. Riwaya yenyewe hakuwa ameifungua.

Simlaumu. Katika KCSE, sarufi hutahiniwa katika karatasi ya 102/2 na fasihi katika 102/3. Mwanafunzi huishia kuamini kwamba viambishi ni vya karatasi moja na wahusika ni wa nyingine. Fauka ya hayo, somo la Kiingereza limemzoesha kuorodhesha sifa kwa vivumishi, navyo Kiingereza kinavyo tele. Kiswahili kina mashina machache ya vivumishi halisi. Aghalabu humsawiri mtu kwa kitenzi na kiambishi.

Basi tuliufunga mwongozo, tukaanza na jina. Katika Majisifu mna -ji- ya kirejeshi: anayesifu na anayesifiwa ni mtu mmoja. Majivuno yake yamo ndani ya mofimu hiyo kabla hajatamka neno.

Kisha tukachanganua kitenzi cha anwani: ki-me-mw-oz-e-a. Kiima ni kidagaa, si mtu. Mtu amebanwa katikati ya kitenzi, katika -mw-, nayo -e- ya kauli ya kutendea yaonyesha kwamba uozo umemwangukia yeye. Isitoshe, -mw- haitaji jina wala jinsia. Ni Majisifu peke yake aliyeozewa, au na nduguye Mtemi Nasaba Bora pia? Kiingereza kingemlazimu mwandishi kuchagua jinsia. Kiswahili chamwachia msomaji swali hadi ukurasa wa mwisho.

Kijana huyo hakuhitaji kufundishwa upya. Katika Kiluhya cha kwao, kiambishi cha udogo chatosha kumdunisha mtu, kama vile "kijitu" katika Kiswahili. Maarifa hayo alikuwa nayo tangu utotoni, ila hakuna aliyemwambia kwamba ni maarifa ya fasihi.

Wapo watakaosema kwamba mhusika hujulikana kwa matendo na usemi wake, si kwa mofimu. Ni kweli, lakini matendo hayo hutufikia kwa njia gani ila kwa njeo, kauli na nafsi alizochagua mwandishi?

Wenzangu, wengi wetu tutasimama mbele ya madarasa. Tusikubali sifa yoyote isiyoandamana na sentensi kutoka matinini na maelezo ya jinsi sentensi hiyo ilivyoijenga sifa hiyo. Nanyi wahadhiri wetu, tutungieni maswali yanayodai sarufi na fasihi kwa pamoja. La sivyo, tutaendelea kuwatunuku alama vijana wanaoijua miongozo na wasiomjua mhusika hata mmoja.