Siku Moja Katika Mashamba ya Bretagne



Ndugu msomaji, mara nyingi katika safu hii tumekumbushana kuwa mtoto halelewi kwa amri peke yake. Mwezi Julai nilikuwa mgeni wa kaka yangu, anayeishi na familia yake mjini Rennes, Ufaransa, na huko nililishuhudia jambo hilo kwa macho yangu.

Kaka hufanya kazi usiku. Watoto humjua zaidi akiwa usingizini. Binti yake mwenye miaka 13 alikuwa ameanza kuacha sala kila awapo nje ya nyumba, akichelea macho ya watu. Mama yake alimgombeza hata akachoka. Jumapili moja kaka akasema, "Leo silali. Fungeni chakula, twende mashambani."

Tulielekea magharibi, zaidi ya kilomita 100, katika nchi ya nyumba za mawe ya kijivu na mashamba yaliyozungushiwa miti na vichaka. Palikuwa na shamba la nafaka yenye maua meupe, ambayo Wafaransa huiita sarrasin, jina walilowaita Waislamu zama za kale. Kwa unga wake watu wa Bretagne hupika mkate mwembamba mfano wa chapati ya maji. Wifi alikuwa ameipika kwa mayai, kwani ile ya mikahawani mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe.

Karibu na kijiji cha Le Vieux-Marché kipo kikanisa cha karne ya 18, kilichojengwa juu ya mawe makubwa ya watu wa kale, kwa kuwakumbuka Vijana Saba Waliolala. Mwaka 1954 Louis Massignon, mwanachuoni wa Kifaransa aliyebobea katika taaluma za Kiislamu, aliwaalika Waislamu kuhudhuria ziara ya kila Julai mahali hapo. Tangu hapo, Surat al-Kahf husomwa kando ya chemchemi iliyo jirani.

Sisi hatukwenda kutabaruku wala kuingia kanisani. Tulikaa penye chemchemi, kaka akawasimulia wanawe habari za Watu wa Pangoni. Mdogo akauliza, "Baba, walikuwa saba kweli?" Kaka akamjibu kuwa Qur'ani imetukataza kubishania idadi yao, la kuzingatia ni kuwa walikuwa vijana, na mji wao wote ulikuwa kinyume nao.

Binti akauliza polepole, "Waliogopa?"

"Waliogopa, mwanangu. Ndiyo maana walimwomba Mola wao."

Ulipowadia wakati wa sala, kaka alitandika mkeka majanini, akaelekea kusini mashariki. Watalii wawili walikuwa wakipita. Binti aliwatazama, akamtazama baba yake, kisha akajifunga vizuri mtandio wake na kusimama kando ya mama yake. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri, rakaa mbili mbili za msafiri. Wale watalii walituamkia, wakaenda zao.

Sidai kwamba siku moja imemaliza yote. Lakini njiani wakati wa kurudi binti alimwuliza baba yake, "Jumapili ijayo pia hutalala?"

Mzazi mwenzangu, si lazima uende Ufaransa. Hata shamba la babu linatosha, maadamu nawe umo safarini. Tumwombe Allah atujaalie wake zetu, waume zetu na watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Amin.