Ua la Naivasha Lina Gari Lake

Kila paa la uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta linapovuja, taifa zima hugeuka fundi. Video ya maji yakichuruzika huzunguka kwenye simu kabla mvua haijakatika, na kufikia magharibi kila mtu ana dawa yake: kodisha, bomoa, lete Wachina, fukuza wakurugenzi. Mimi nina ugomvi na dawa zote hizo kwa sababu zote zinaanzia chini ya lile paa. Zinamtazama abiria aliyekwisha kufika. Hakuna anayeuliza amefikaje, wala yule aliyemfagilia sakafu alfajiri alifikaje.

Si usahaulifu wa leo. Uwanja huu ulifunguliwa 1958 ukiitwa Embakasi, na ardhi yake ilisawazishwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau waliozuiliwa wakati wa hali ya hatari. Walichimba chini ya mtutu wa bunduki, na hakuna aliyetarajia kwamba hata mmoja wao angepanda ndege. Miaka 20 baadaye, Machi 1978, likafunguliwa lile jengo la nusu duara ambalo bado tunalitumia, na Mzee alipofariki mwaka huohuo uwanja ukapewa jina lake. Bendera ilikuwa imebadilika kitambo. Lakini jengo lilichorwa kwa ajili ya mtu mwenye gari, au mwenye ndugu mwenye gari, na tangu hapo kila tunaloongeza linamfuata mtu huyohuyo.

Hebu tazama tulichojenga katika muongo mmoja tu. Mwaka 2012 tulifungua kituo cha treni cha Syokimau, kilomita chache kutoka uwanjani, tukaambiwa reli ya kufika JKIA iko njiani. Mwaka 2017 ikaja SGR, na stesheni kuu ya Nairobi ikawekwa papo hapo Syokimau. Anayetoka Mombasa kwa treni ili apande ndege hushuka hapo na mabegi yake, akaanza kubishana bei na dereva wa teksi. Mwaka 2022 ikafunguliwa Nairobi Expressway, kilomita 27 juu ya vichwa vyetu, na hiyo ndiyo iliyopewa njia ya kushukia JKIA. Kati ya miradi mitatu, ule uliofikishwa uwanjani ni ule unaohitaji uwe na gari kwanza, kisha ulipe ada, ada ambayo ilipandishwa tena Januari 2024.

Sisemi hakuna basi. Namba 34 lipo, na Mungu awabariki wanaoliendesha. Lakini ukitoka kwenye mlango wa wanaowasili, mtu wa kwanza kukukaribisha ni wa teksi. Basi utalipata kwa kuulizauliza, kama mtu anayetafuta nyumba ya mganga.

Sasa linganisha na ua. Waridi likikatwa Naivasha asubuhi, linaingia chumba cha baridi, linapakiwa kwenye lori la baridi, linapokelewa kwenye ghala la baridi JKIA, na jioni liko angani kuelekea Ulaya. Kila hatua ya safari yake ina mtu anayeijibia, kwa kuwa ua likichelewa litanyauka na kuna atakayepata hasara. Mama anayesafisha vyoo vya jengo la abiria, anayeingia zamu ya usiku na kutoka wakati matatu ni za kuotea, hana mtu anayeijibia safari yake. Anaishi Pipeline au Tassia au Utawala, mahali ambapo ndege zinapita juu ya kamba za nguo, na bado anahesabu nusu ya mchana wake barabarani. Akichelewa, hasara ni yake peke yake, na inakatwa kwenye mshahara.

Na abiria wenyewe ni akina nani siku hizi? Yule tunayemwona kwenye michoro ya miradi, kijana wa suti na begi la magurudumu, yupo. Ila nenda usiku, utazame foleni ya ndege za Ghuba. Utakuta mabinti wamevaa fulana za rangi moja za wakala, bahasha za hati mkononi, wanakwenda Riyadh au Doha kufanya kazi za nyumbani. Nje wamewaacha wazazi waliotoka Busia au Kitui tangu jana yake kwa basi, kisha matatu, kisha miguu. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na hakuna zao la shambani linalofua dafu mbele ya fedha hizo. Sehemu yake imetoka kwenye mikono ya mabinti hao. Wengine hurudi ndani ya jeneza, na familia hulingoja upande wa mizigo. Hawa ndio wateja wa JKIA. Sijawahi kuona mchoro wa jengo jipya uliomweka ndani yake baba mwenye kofia ya sufi, ameketi kwenye benchi lenye kivuli, akimsubiri mwanawe.

Badala yake tumekuwa tukiuziwa ukubwa. Agosti 7, 2013, moto uliteketeza sehemu ya wanaowasili kutoka nje, na kwa muda tukawa tunapokea wageni kwenye mahema. Kabla mwaka haujaisha, rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akaweka jiwe la msingi la jengo jipya lililoitwa Greenfield: abiria milioni 20 kwa mwaka, zaidi ya shilingi bilioni 50. Mwaka 2016 mradi ukafutwa. Mabilioni ya malipo ya awali yalikuwa yamekwisha kutoka. Jiwe la msingi lilibaki na nyasi zake.

Nataka tukae kidogo kwenye ile milioni 20. Gawa kwa siku za mwaka: ni karibu watu 55,000 kila siku. Toa wale wanaobadilisha ndege tu bila kutoka nje, hata ukitoa theluthi nzima. Waongeze wasindikizaji, kwa sababu sisi hatusafiri peke yetu, tunasindikizwa na ukoo. Waongeze wafanyakazi wa zamu tatu. Kisha wapitishe wote katika lango lilelile unaloteremkia kwenye gari, ukatembea kwenye kibanda cha ukaguzi huku dereva akikusubiri upande wa pili. Yeyote aliyewahi kukwama hapo saa kumi na moja alfajiri, ndege ikiwa ya saa moja, anajua kinachofuata. Jengo kubwa bila treni linahamisha tu foleni kutoka ndani, palipo na feni, kuipeleka Mombasa Road kwenye moshi.

Halafu ikaja 2024. Mwezi Julai, Nelson Amenya, Mkenya aliyekuwa akiishi Ufaransa, alianika mtandaoni nyaraka za pendekezo la kampuni ya Adani ya India: dola bilioni 1.85, na uwanja kuwa mikononi mwao miaka 30. Vijana wengi wanaosoma ukurasa huu walikuwa barabarani mwezi huo, na wengine walijaribu kuandamana hadi JKIA. Septemba 9 Mahakama Kuu ikasimamisha mpango. Septemba 11 wafanyakazi wakagoma, abiria wakakesha juu ya mabegi. Novemba 21 Rais Ruto akaufuta bungeni, siku moja baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumtangazia Gautam Adani mashtaka ya hongo na ulaghai.

Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini ushindi ule ulituachia ugonjwa. Tangu hapo mjadala wa JKIA umekuwa wa nani atajenga na kwa fedha za nani. Serikali imeendelea kusema jengo jipya litakuja, nasi tumekaa macho kuvizia mkataba mwingine wa siri. Ni vyema kuvizia. Lakini mkataba safi kabisa, uliopita bungeni mchana kweupe, unaweza bado kutujengea uwanja wa mtu mwenye gari.

Najua jibu lililo tayari: treni ni anasa, kwanza tuzibe paa. Paa lizibwe, hilo ni matengenezo, halihitaji miaka 30 ya mtu yeyote. Na reli yenyewe haianzii mwezini. Treni za abiria za Nairobi tayari zinafika Embakasi Village, jirani kabisa na uwanja. Tunazungumzia kipande kilichobaki, katika nchi iliyolaza reli kutoka Mombasa hadi Naivasha ndani ya miaka michache.

Jibu la pili linanisumbua zaidi, maana lina ukweli. Mtu atasema Johannesburg walijenga Gautrain, ikafika uwanja wa O.R. Tambo Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, na haikumsaidia maskini yeyote. Kweli. Nauli ya kufika uwanjani iliwekwa juu kuliko ya vituo vingine, na njia yake inaelekea Sandton, kwenye benki na hoteli. Haikuchorwa kwa ajili ya mfagiaji anayeishi Tembisa, hapo jirani na uwanja. Kwa hiyo treni peke yake si haki. Inategemea nauli na inapita wapi. London wana treni yao ya haraka na ya ghali, lakini tangu 1977 reli ya kawaida ya jijini, Piccadilly, inafika Heathrow, na mhudumu wa mkahawa hushikilia nguzo moja na mfanyabiashara anayekwenda Zurich. Nchi ile ilitutawala na sina hamu ya kuiiga, lakini hiyo nguzo moja naitaka.

Basi kabla ya jiwe jingine la msingi kuwekwa, nataka kuona mambo ambayo si ya kupigia picha. Reli ya Embakasi ifikishwe mlangoni, kwa nauli ileile anayolipa mtu wa Makadara. Mabasi ya saa 24, ratiba imebandikwa ndani ya jengo kwa Kiswahili, mahali ambapo mgeni na mwenyeji wataiona kabla ya kukutana na mtu wa teksi. Njia ya miguu yenye taa kutoka Embakasi hadi langoni, kwa wale wa zamu. Ukumbi wa wasindikizaji wenye choo na maji, usiomlazimu mzazi kununua kahawa ya bei ya chakula cha siku mbili ili aruhusiwe kuketi. Na pawe na mahali pa staha pa kungojea jeneza.

Gharama ya yote hayo iandikwe kwenye mkataba uleule wa jengo, ukurasa wa kwanza, na mkandarasi asilipwe shilingi ya kuta kabla treni ya kwanza haijaingia. Mkandarasi akikataa masharti hayo, aende zake. Tumekwisha kuwafuta wawili, na ndege bado zinaruka.