Tairi Pana Si Ujanja, Wazee

Najua kuna watakaoniacha kwa hili, lakini nalisema tu: zile tairi kubwa mnazoposti haziifanyi gari iwe kali. Mara nyingi zinaifanya iwe zembe.

Mimi ni wa Manda. Ndiyo, kile kisiwa chenye uwanja wa ndege, wageni wakishuka tu wanakimbilia boti waende Lamu. Magari kwetu ni ya kuhesabu, mchanga ndio mwingi. Kwa hivyo mapenzi ya magari tunayamalizia ng'ambo, Mokowe.

Huko binamu yangu anafanya teksi na Fielder. Ilikuja na tairi za 195/65 R15. Akavunja kibubu, akaweka 215/60 R17. Video nilipiga mimi, na kelele za "moto sana!" ni zangu. Mwezi haujaisha, akaanza kulia: gari nzito kuondoka, mafuta yanakwisha upesi, akikata kona tairi zinakwaruza madigadi.

Nikakaa nikapiga hesabu. Tairi ya zamani ina kimo cha milimita 634, mpya 690. Ikizunguka mara moja, gari inasogea mbele zaidi kwa karibu asilimia 9. Ni kama umebadilishiwa gia zote bila kuulizwa. Spidomita nayo haijui: ikiandika 80, wewe uko kama 87. Na 80 ndiyo mwisho wa gari ya abiria Kenya! Ongeza uzito wa rimu, ambao injini lazima iuzungushe na breki lazima ziuzuie. Abiria wa nyuma hajui haya yote. Yeye amelipa nauli tu.

"Lakini tairi pana inashika barabara." Sawa, kwenye lami kavu, na mpira wenyewe ukiwa mzuri, kona utaisikia tofauti. Ila upepo ukiwa uleule na gari ileile, eneo linalogusa chini halibadiliki sana. Linakuwa pana zaidi na fupi zaidi. Mvua ya masika ikija, tairi pana inawahi kuelea juu ya maji.

"Na mchangani je?" Hapo muulize mtu wa Manda. Ukikwama, dawa ya kwanza ni kupunguza upepo, tuseme kutoka 32 hadi 20. Tairi inalala, inakanyaga kwa urefu, haichimbi. Ni bure! Nenda polepole, usikate kona kwa nguvu, na ujaze tena kabla ya kurudi lami.

Kama lazima upendeze, ongeza rimu upunguze ubavu wa tairi, kimo kibaki palepale. Kwa Fielder ile, 205/55 R16 inatoka milimita 632. Ila ubavu ukiwa mwembamba, shimo moja tu rimu inapinda.

Wazee wetu walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Binamu amerudisha tairi za zamani, na zile kubwa ameziuza kwa hasara. Mimi ile video sijaifuta. Nimeandika juu yake: "Nilikosea, soma hii kwanza."

Haya, bishaneni na mimi hapo chini. Lakini njooni na namba za tairi zenu, si picha.