Rimu Kubwa, Safari Ngumu
Siku hizi mafundi wanafungua rimu za inchi 15 zilizokuja na gari na kufunga za inchi 18, mara nyingi kwa ajili ya mwonekano tu. Soma namba za ubavuni mwa tairi. Kwenye 195/65R15, ile 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana, karibu milimita 127. Kwenye 225/40R18 zinabaki 90, ingawa tairi zima lina kimo karibu kilekile. Milimita hizo 37 zilikuwa mpira na upepo, na ndizo zilizopunguza kishindo cha shimo kabla hakijafika kwenye shokamzoba. Sasa kishindo kinapiga rimu, bushi, na kiuno cha abiria. Kwenye kona gari hutii usukani upesi zaidi, sikatai, na kwenye lami safi raha hiyo ipo. Lakini anayebeba mzee au mjamzito kwenye barabara ya viraka na matuta arudishe rimu za kiwandani. Na asipunguze upepo ili kulainisha safari. Tairi lenye ubavu mfupi na upepo mdogo hubanwa shimoni, likachanika na rimu ikapinda.